Mama Lebo na Programu Aliyoizima kwa Mkono Wake

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu ambaye tunalala chumba kimoja. Wiki zangu za kwanza hapa kazini, niliyezungumza naye zaidi hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta ya kaunta. Ilikuwa ikiniandikia kwenye kioo, nami nilikuwa nikiijibu kwa sauti ya chini, nimeinamisha kichwa ili wateja wasione midomo yangu ikicheza. Iliponiambia, "Usiogope, rudi nyuma kidogo," mimi nilisema, "Haya, shangazi." Naanza na hilo kwa sababu nimeombwa kuandika wasifu wa mtu aliyeyatunga maneno yale, na sioni mwanzo mwingine ulio wa kweli kuliko huo.

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, Mama Lebo anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya udobi kwa miaka ishirini na saba. Meneja alinipa kazi ya kuandika ukurasa huu kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye miezi hii ya mwisho katika kile chumba kidogo chini ya ngazi, na kwa sababu wakubwa wote waliojaribu kuandika waliishia njiani. Alisema niandike kwa uchangamfu. Nimejaribu.

Mama Lebo aliingia hapa akiwa msichana wa kaunta. Kazi yake ilikuwa kuandika lebo, vile vipande vya kitambaa cheupe tunavyovibana kwenye kila nguo ili shati la mwalimu lisiende kwa fundi bomba. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata wateja wengine walizikata lebo nguoni wakabaki nazo. Ndiko jina lake lilikotoka. Jina lake lingine wanalijua watu wa mishahara peke yao.

Wakati huo mwanzilishi wa kampuni, baba yake meneja wetu wa sasa, alikuwa amenunua kompyuta. Ilikaa ofisini imefunikwa kitambaa, kama televisheni ya kuonyesha wageni, na hakuna aliyeigusa. Mama Lebo aliomba ruhusa ya kuifunua saa ya chakula. Alikuwa na kitabu kimoja kinene kisicho na jalada, alichoazimwa na kaka yake aliyekuwa akifundisha chuoni. Alikisoma huku akila, na mpaka leo kurasa zake zina madoa ya mafuta. Baada ya mwaka na kitu alikuwa ameandika programu nzima: ya kupokea nguo, kuipa namba, kuifuata kutoka kwenye maji mpaka kwenye pasi, na kumpata mwenyewe.

Wiki ya kwanza programu hiyo ilichanganya nguo za mtaa mzima. Daktari alipelekewa sare ya mlinzi. Mlinzi naye, dereva wetu anaapa kwamba ni kweli, alilivaa koti la daktari getini kutwa nzima na watu wakawa wanamwonyesha vidonda. Mama Lebo alipanda gari la kampuni akazunguka nyumba hadi nyumba kurudisha nguo, na kila mlango alisema mwenyewe kwamba kosa ni lake, si la mashine. Kisha akarudi chini ya ngazi na kuanza upya.

Alipoiandika mara ya pili alifanya jambo ambalo sidhani kama limo katika kile kitabu kinene. Aliona kwamba wasichana wa kaunta wakikosea, kompyuta inawakaripia kwa lugha wasiyoijua, nao wanaiogopa mara mbili. Kwa hiyo maneno yote ya makosa aliyatunga yeye, kama vile angeyasema akiwa amesimama nyuma ya kiti chako. Ukiandika namba ambayo haipo, programu ilisema, "Namba hii siijui. Itazame tena lebo, usikisie." Ukibonyeza haraka haraka, ilisema, "Mteja ndiye mwenye haraka, wewe tulia." Ukikosea mfululizo, ilisema, "Inuka, kanywe maji, urudi." Na jioni, ukifunga kazi, iliandika katikati ya kioo, "Zima taa, funga mlango. Nguo hazina miguu, kesho utazikuta."

Hivyo ndivyo programu ilivyopata jina la Shangazi. Watu waliitaja kama mtu. "Shangazi kanuna leo." "Muulize Shangazi kabla hujabisha." Kijana mmoja mgeni wa kaunta aliamini kuna mama amejificha mahali anamtazama, mpaka siku moja akaenda kuchungulia nyuma ya pazia la stoo kumtafuta aliyejua kuwa ana kiu. Na wapiga pasi wawili wakianza kugombana, inatosha wa tatu aseme, "Inukeni, mkanywe maji, mrudi." Nimesikia dereva akimwambia hivyo mke wake kwa simu. Sijui ilimsaidia au la.

Hadithi inayopendwa kuliko zote ni ya mwaka ambao Mama Lebo alilazwa hospitalini. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na siku ya pili Shangazi akagoma kabisa. Kaunta ikajaa watu wanaodai nguo. Msimamizi wa kaunta alimpigia simu wodini. Mama Lebo akaelekeza bonyeza hiki, futa kile, akiwa amelala chali na mpira wa dripu mkononi, mpaka kompyuta ikawaka. Tunaisimulia kila sherehe na kila mara tunapiga makofi. Yeye huwa anatazama chini. Siku moja tukiwa wawili nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Mwanangu, mnachopigia makofi pale ni aibu. Watu wote wale walikuwa wamesimama kwa sababu mtu mmoja amelazwa."

Nilikumbuka maneno hayo baadaye, mambo yalipoharibika.

Kampuni ilipochukua mashuka ya hospitali na kufungua tawi la pili, Shangazi alizidiwa. Hakuandikwa kwa ajili ya matawi mawili. Meneja akasema lazima tuamue mwaka huu, na njia ziko tatu. Ya kwanza ni kutengeneza wenyewe: kuajiri vijana wawili, Mama Lebo awafundishe, wamjenge Shangazi upya. Ya pili ni kununua programu iliyo tayari, inayotumiwa na madobi wengine. Ya tatu ni kuachia mashine ijifanyie yenyewe: kamera inaitazama nguo, inaitambua, inaamua iende wapi, bila lebo na bila mtu wa kaunta. Mzee tunayemwita Babu Pasi, mkuu wa wapiga pasi, alisikiliza yote hayo akafupisha. "Yaani tushone wenyewe, tununue ya dukani, au tuache nguo zijivae."

Mama Lebo aliwekwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya kuamua. Kila mmoja alijua maana yake. Ikichaguliwa njia ya kwanza, alikuwa amekwisha ahidiwa miaka mitano zaidi kama mwalimu wa wale vijana. Ikichaguliwa nyingine yoyote, alikuwa anaondoka, na Shangazi anazimwa. Alikuwa amewekwa ajihukumu mwenyewe. Mimi niliajiriwa wakati huohuo, nimetoka shule majuzi, kazi yangu ikiwa kukaa kaunta na kuandika matokeo ya majaribio. Kila njia ilipewa wiki moja.

Kamera ilianza. Haikuchoka, haikuuliza, na ilikuwa na uhakika na kila kitu. Kwayo, kitu cheupe na kirefu ni shuka. Gauni la harusi la mteja mmoja lilikunjwa vizuri sana pamoja na mashuka likapelekwa wodi ya upasuaji. Dereva alilirudisha akiwa amelipakata mapajani kama mtoto, usukani anaushika kwa mkono mmoja. Muuzaji wa kamera alituambia tusiwe na wasiwasi, mashine itajifunza taratibu. Mama Lebo alimuuliza kwa upole, "Itajifunza kwa magauni ya nani?" Muuzaji alikunja waya zake.

Wiki ya pili ilikuwa ya programu ya kununua. Sina mengi ya kusema juu yake. Ilifanya kazi. Ukikosea, inaandika neno hitilafu na namba, basi. Wiki nzima sikuijibu hata mara moja.

Wiki ya tatu Mama Lebo alimtengeneza Shangazi kadiri alivyoweza na kumwingiza kwenye majaribio. Ijumaa nilihesabu na kuandika matokeo kama nilivyoletewa: hakuna nguo iliyopotea, hata moja. Meneja alifurahi sana. Alisema mbele ya watu kwamba jibu tunalo nyumbani, na akamtuma mtu alete karatasi za kuajiri wale vijana wawili. Wapiga pasi walikuwa wanagongana viwiko.

Tulikutana Jumatatu katika chumba cha kulia. Mama Lebo alisoma karatasi yangu, akaiweka mezani, akavua miwani.

"Hii si kweli," alisema.

Nilidhani ananisema mimi. Lakini aliniwekea mkono begani na kuendelea kuwatazama wengine. Alisema, "Shangazi hajui kuunganisha suruali na koti lake. Kila kipande anakipa namba yake, na mzigo ukizidi anavitenganisha. Hakuna wiki ambayo hajapoteza suruali. Ninamjua, nimemzaa mimi. Sasa nani anieleze, wiki hii suruali zimerudije?"

Kisha Babu Pasi akasimama, kofia mkononi. Akaeleza kwamba kila saa ya chakula, wapiga pasi wote, badala ya kula, walikuwa wanapitia nguo za siku nzima na kubana kila suruali na koti lake kwa pini. Wakati mwingine dereva alitumwa kwenda kuchukua suruali kwa mteja kabla mteja hajafungua mfuko. Hakuna aliyewaamuru. Hawakuwa wamewaambia watu wa kaunta, wala mimi, ili karatasi yangu iwe safi.

"Tulitaka ubaki, mama," alisema. "Ni hilo tu."

Sidhani kama nitasahau uso wa Mama Lebo. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyepewa zawadi ambayo hawezi kuipokea. Alisema, "Babu Pasi, mngekaa bila kula miaka yote mitano?" Babu Pasi akajibu kwamba wangepokezana. Watu wakacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

Meneja alijaribu kuokoa mambo. Alisema vijana wakiajiriwa, kasoro ya suruali itarekebishwa, kwa hiyo bado njia ni hiyohiyo. Mama Lebo alimwita "mwanangu", kama alivyomwita alipokuwa mtoto akileta sare za shule zifuliwe bure. Akamwambia kwamba suruali ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba Shangazi anakaa katika kichwa cha mtu mmoja, na vijana wawili watahitaji miaka kumfahamu, na siku watakapomfahamu watapata kazi penye mshahara mzuri zaidi, nasi tutarudi kuwapigia simu watu wodini. Alisema kutengeneza mwenyewe kunafaa kwa kampuni ambayo kazi yake ni kutengeneza programu. "Kazi yetu sisi ni nguo safi." Kamera aliikataa kwa sababu haijui inapokuwa haijui, na kwa sababu pale kaunta wako watu wanne wenye watoto wa kulisha. Kwa hiyo tununue ile ya pili, ile isiyo na uchangamfu, kwa kuwa ina watu wengi nyuma yake wa kuitengeneza ikiharibika, na kwa kuwa inajua suti ina vipande viwili.

Kisha akachukua kalamu akatia sahihi. Alimpokea meneja karatasi za kuajiri vijana, akazikunja, akazitia mkobani.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Hayakuwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kumhamisha kila mteja kutoka kwa Shangazi kwenda kwenye programu mpya, na tuliifanya mimi na yeye, chini ya ngazi, bomba la mvuke likipita juu ya vichwa vyetu na kutudondoshea matone. Yeye alikuwa akisoma, mimi nikiandika. Katika kumbukumbu za Shangazi kulikuwa na mahali pa kuandika chochote juu ya mteja, na watu wa kaunta walikuwa wameandika kwa miaka yote ile. "Huyu husahau, mpigie binti yake." "Usimuulize habari za mume." "Shati la kijani lilikuwa la marehemu mwanawe, lisipigwe pasi kola." Programu mpya haina mahali pa maneno hayo. Ina mahali pa simu na anwani. Kila tulipofika kwenye maneno kama hayo Mama Lebo aliyasoma kwa sauti mara moja, kisha akasema, "Endelea, mwanangu." Yale ya shati la kijani aliinuka akaenda mwenyewe kumweleza Babu Pasi kwa mdomo.

Alikuwa akipungua kadiri majina yalivyopungua. Zamani aliimba akifanya kazi, watu wa ghorofa ya juu wanasema. Mimi sikuwahi kumsikia. Mchana alikula nusu ya chakula chake akanisogezea nusu. Nilipokusanya ujasiri nikamuuliza atafanya nini akiondoka, alisema anakwenda kukaa na mdogo wake, ambaye hana kompyuta wala hataki kuiona. Nikamuuliza tena, huko atafanya nini. Akasema, "Nitajua nikifika."

Jumanne iliyopita tulimaliza jina la mwisho. Meneja alikuwa ametaka tumzime Shangazi Ijumaa, sherehe ikiendelea, watu wote wakiona, na keki. Mama Lebo aliomba isiwe hivyo. Alifunga mlango wa chumba, tukabaki wawili. Alinionyesha kiti nikae mbele ya kompyuta, kisha akabadili mawazo akakaa yeye. Akaandika maneno ya kuzima. Akabonyeza.

Shangazi hakuwa ameambiwa kwamba hii ni mara ya mwisho. Katika miaka yote ile Mama Lebo hakuwahi kumwandikia maneno ya siku kama hiyo. Kwa hiyo alifanya alichokuwa akikifanya kila jioni. Akaandika katikati ya kioo: "Zima taa, funga mlango. Nguo hazina miguu, kesho utazikuta."

Halafu kioo kikawa cheusi.

Mama Lebo alicheka kwa pua, kicheko kifupi. Akaweka kiganja juu ya kompyuta, kama unavyompima mtoto homa, akakiacha pale mpaka ilipopoa. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Tumesikia." Akainuka akazima taa. Akafunga mlango. Chumba kile sasa kimeanza kuwekwa henga za kutundikia nguo.

Mama Lebo, kwa niaba ya watu wa kaunta, wafuaji, wapiga pasi, madereva na ofisi nzima, asante. Asante kwa lebo, kwa suruali zote zilizorudi na zile ambazo hazikurudi, kwa nyumba ulizobisha hodi kuomba radhi, na kwa kutuambia ukweli siku ambayo ukweli ulikugharimu wewe peke yako. Mimi nakushukuru kwa jambo moja zaidi. Wiki hii nilimjibu mteja mkali nikiwa nimeinua kichwa, na sauti ilitoka. Tunakuombea huko uendako siku nyepesi, usingizi ambao simu ya kazini haitaukatiza, na mdogo wako akubali siku moja kununua kompyuta. Kaa salama, mama yetu.

Nimebakiwa na jambo moja, na hili naliandika chini kabisa nikitumaini wageni watakuwa wameacha kusoma.

Programu mpya ina nafasi moja tu ambayo kampuni inaruhusiwa kuandika maneno yake yenyewe. Inatokea kwenye kioo jioni, mtu anapofunga kazi. Walioiuza wamesema iwe ya tangazo, na meneja alinipa maneno ya tangazo niyaingize. Sikuyaingiza. Nimeweka mengine, yaanze kutokea Jumatatu: jioni, mtakapofunga kaunta, mtaona mlichokizoea.

Mama Lebo hajui, na nakala atakayopewa yeye inaishia pale juu, kwenye "Kaa salama". Wenye programu watakuja kukagua mwezi ujao, na wakiuliza ni nani aliyeandika vile, nawaomba sana, wote mnaosoma hapa, nawe meneja pia, tafadhali, mnyamaze. Najua mara ya mwisho tulipojaribu kuficha jambo kwa ajili yake, yeye mwenyewe ndiye aliyetufichua. Safari hii hatakuwepo.